Fotokopi inayopoteza anwani ya mtandao: uifunge kwenye mashine au kwenye ruta?

Jana imechapa vizuri, leo kila kompyuta inasema haipo mtandaoni. Kwanza chapa ukurasa wa mipangilio kwenye mashine yenyewe. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, haikupata jibu la ruta. Kagua waya na swichi ya mtandao (kisanduku kinachounganisha waya za mtandao), maana waya mbovu hautibiwi na njia yoyote kati ya hizi mbili zinazofuata.

Kuandika anwani ya kudumu kwenye mashine ni haraka, na hata ruta ikichelewa kuwaka haiyumbi. Taabu ni mgongano: ruta ikigawa 192.168.1.100 hadi 200, nawe ukaandika 120, ipo siku simu ya mtu itapewa namba hiyohiyo. Chagua nje ya hapo, tuseme 50.

Njia ya pili, mashine inabaki kwenye DHCP (yaani ruta ndiyo inayoigawia anwani yenyewe), ruta inaitunzia anwani kwa namba yake ya MAC, ile namba ya utambulisho ya kifaa chake cha mtandao. Mimi naipendelea hii, kwani anwani zote unaziona sehemu moja. Ila mashine yenye waya na Wi-Fi huwa na MAC mbili. Ukisajili ya Wi-Fi huku inatumia waya, hujafanya kitu. Na kama nywila ya ruta huna, rudi kwenye ile ya kwanza.