Hosta ya Mighty Mouse: kadogo, kavivu, lakini sikatoi

Nilinunua hii hosta (mmea wa bustani unaopandwa kwa uzuri wa majani yake) miaka mitatu iliyopita, oda ya mtandaoni, dola 14 bila kuhesabu usafiri, na nimengoja mpaka leo kuisemea manake mwaka ule wa kwanza ningewapa nyota moja na matusi juu. Ilikuja mwezi wa tano ndani ya boksi, kimfuko cha mboji, mizizi kama tambi na jani moja na nusu. Jani moja na nusu jamani! Nikampigia mama video, yuko Likoni, akaniuliza hiyo ni mboga gani, nikamwambia si mboga ni ya urembo, akacheka mpaka simu ikamponyoka. (Kumbe hakuwa mbali, Wajapani wanakula machipukizi ya hosta, wanayaita urui, ila hii yangu nzima haijazi kijiko.)

Kosa la kwanza ni langu. Mimi mtu wa Pwani, mmea nikiuona kivulini naona unateswa, nikaupanda upande wenye jua kali. Hapa Minnesota, Marekani, watu wanadhani ni baridi tu, lakini jua la mwezi wa saba lilikausha kingo zote zikawa kahawia kama karatasi ya kaki. Ile sehemu nyeupe pembeni mwa jani haina kijani cha kujipikia chakula na inaungua upesi, ndio maana pia hizi za rangi mbili zinakua polepole. Nikaihamishia kaskazini mwa nyumba, kando ya ngazi, inapata jua la asubuhi kidogo basi.

Mwezi wa kumi barafu ya kwanza tu, majani yakalegea kama mchicha uliochemshwa, yakapotea. Mwisho wa mwezi wa nne hosta kubwa za jirani zishatoka, yangu kimya. Nikachukua koleo niing'oe, nikasema ngoja nichakure kwa kidole kwanza, nikagusa kitu kigumu, ncha kama ya penseli. Iko hai!

Sasa uzuri wake. Jani ni la duara, nene kama raba, limekaa kama kanga vile, mji ni kijani cha kibuluubuluu na pindo ni krimu, halafu kiangazi kikikolea pindo linazidi kuwa jeupe. Imekosa jina tu. Imetokana na Blue Mouse Ears, ile iliyochaguliwa hosta ya mwaka 2008, kwa hiyo ile sura ya masikio ya panya ni ya ukoo. Yangu sasa ina kama sentimita 15 kwenda juu na upana wa sahani, na maua ya zambarau hafifu ambayo kabla hayajafunguka yamevimba kama vibaluni.

Konokono wale wasio na nyumba wanazimaliza hosta za jirani, hii hawaigusi sana kwa ule unene. Sungura lakini hawajali unene, mwaka jana usiku mmoja tu waliacha vijiti, ikachipua tena ikiwa ndogo zaidi, nikazungushia waya wa kuku na sura ya bustani ikaharibika lakini nifanyeje. Kitu kingine, likitoka chipukizi la rangi moja bila pindo likate na mzizi wake mapema, lina nguvu kuliko wenzake na litaimeza yote.

Mama siku hizi anataka nimletee. Haiwezekani, bila baridi ya kuilaza miezi kadhaa inadhoofika tu mpaka inakufa, kwa hiyo walio Mombasa, Dar au Muscat msitupe pesa. Na kama unataka kujaza eneo kubwa haraka pia siyo hii, hii ni ya mlangoni, ya chungu, ya kuinama uitazame ukinywa chai.

Nyota nne. Nimeagiza ya pili, imefika juzi, safari hii ina majani mawili.