Bhajia za Makoroboi, nenda mapema kabla hazijaisha

Jamani kama uko Mwanza na unapenda bhajia za dengu, kuna kamgahawa pale Makoroboi, meza nne tu, nje hakuna hata bango. Bhajia zinatoka kwenye karai unaona mwenyewe, chatni ya nazi imesagwa asubuhi hiyohiyo na kotmiri na pilipili, chai ya maziwa tangawizi mpaka koo linawaka. Nimelipa elfu tatu nikashiba kabisa.

Ila mi kinachonirudisha pale ni mzee mwenye mgahawa, anakaa kaunta. Ukutani kuna picha ya familia wamesimama kwenye theluji, nikamwambia shikamoo babu, hawa wako wapi? Marahaba mjukuu wangu, hao wako New Jersey. Basi ndo tukaanza. Yeye ni wa asili ya Kihindi, babu yake alifika ziwani kupitia Kisumu baada ya reli kufika pale 1901, akaja kufungua duka Mwanza. Akaniambia Marekani nako, ile reli ya kuvuka nchi, upande wa magharibi walioilaza wengi wao ni Wachina, ikakamilika 1869, alafu 1882 nchi hiyohiyo ikapitisha sheria vibarua wa Kichina wasiingie tena, yani reli umejenga wewe na mlango unafungiwa wewe, iliniuma sana. 1924 wakafungia karibu Asia yote. Wahindi walipokuja kufunguliwa 1946 walipewa nafasi 100 kwa mwaka, India nzima ile! Mpaka Rais Lyndon Johnson aliposaini sheria ya uhamiaji ya 1965 ndo watu wakaanza kuvutana ndugu kwa ndugu, leo Waasia kule wanazidi milioni 20, na mi siku zote nilijua walikuwepo tu.

Kaka yake mzee aliyeko kule alimwombea na yeye ahamie. Foleni ya kuombewa na kaka au dada inapita miaka 10, barua ya kuitwa imefika mkewe keshafariki, akaona hawezi tena kuliacha ziwa. Anayo bado, imekunjwa mara nne, anaiweka kwenye droo ya hela chini ya noti. Alinionyesha akairudisha taratibu, nikakosa la kusema nikaagiza chai nyingine.

Kasoro zipo, lipa namba iligoma mara mbili ikabidi nitoke nitafute wakala, dogo anayehudumia anasahau oda, na ukifika saa tano bhajia zimeisha unabaki na kachori za baridi. Nawapa nyota nne. Ukienda kaa meza ya karibu na kaunta.