Mgahawa wa pembeni ya uwanja, njia ya Manyovu: chai kali, mechi bure

Hii sehemu naipa nyota nne, ya tano nimeizuia kwa sababu ya chenji, nitaeleza.

Ipo barabara ya Kigoma kwenda Manyovu, ukishapita Kalinzi unaendelea kupanda ile milima ya kahawa na migomba, haina kibao wala jina ila ukiona bati lina masizi na Noah zimepaki ndo hapohapo. Hatukupanga hata kushuka, mvua ilipiga halafu ukungu ukatua mpaka kwenye lami, dereva kona hazioni akasema wazee tupumzike kidogo. Kumbe nyuma kuna uwanja na ndondo, yaani soka la mtaani, inapigwa kama vile hakuna mvua, bingwa anaondoka na mbuzi, na mbuzi mwenyewe kafungwa pale pembeni anatafuna majani hana habari. Mjini timu ya Mashujaa wakicheza pale uwanja wa Lake Tanganyika unalipa kiingilio, huku kiingilio ni chai tu.

Na chai yenyewe ina tangawizi ya kweli, inakata baridi (nyie mliozoea joto la Ujiji bebeni sweta, sitanii). Ugali wa muhogo mlaini, maharage yameungwa na mawese, samaki wa migebuka nilikuta wameisha. Shida mama ni shabiki kuliko mpishi, timu yake ikipata kona anaacha mwiko anatoka nje. Nikamwendea, shikamoo mama, naomba ile chenji ya elfu tano. Marahaba mwanangu, subiri kwanza wapige hii penati.

Penati sasa! Jamaa kapiga peku, kipa kaenda kulia mpira kushoto, ukaganda kwenye dimbwi kabla tu ya mstari. Kipa na mabeki wakaurukia, wakateleza wakapitiliza wote na tope lao mpaka nyuma ya goli, mpira umebaki palepale, refa anacheka filimbi imemdondoka. Akaja dogo mmoja winga, mdogomdogo, akausukuma ndani kwa kidole gumba cha mguu. Uwanja mzima ukaingiliwa, mpaka kondakta wetu alikuwemo.

Chenji nilipata, na andazi la ofa juu.

Ugali maharage buku mbili, chai mia tatu. Benchi la mlangoni linavuja, kaeni upande wa jiko, goli la juu linaonekana vizuri. Choo kipo ila njia inateleza balaa. Na bebeni hela ndogondogo, hasa kama kuna mechi.