TAHADHARI: Nimeuziwa flasha ya gari langu mwenyewe, 45,000, Gerezani

Wakuu, msicheke kwanza. Mimi ninayewashauri kila siku wapi mkanunue spea, nimepigwa mchana kweupe kwa flasha, kile kidude kinachofanya indiketa zipepese.

Ile Corolla 110 mnaijua na visa vyake, sitarudia. Indiketa za kushoto zilianza kukimbia kama cherehani, za kulia zikabaki kawaida. Trafiki akanisimamisha, indiketa ya nyuma kushoto haiwaki, faini 30,000 ikaondoka. Kwa hiyo nilifika Gerezani, kwenye maduka ya spea ya Dar, nikiwa na hasira na haraka, na wale watu haraka wanaiona kwenye uso wako tangu unapotafuta pa kuegesha.

Winga, dalali wa mtaani anayewavutia maduka wateja, akanidaka hata injini sijazima. "Kaka, flasha imekufa hiyo." Nikamwambia mbona taa ya nyuma haiwaki, akajibu ndiyo flasha hiyohiyo, haipeleki moto nyuma. Akainama chini ya dishibodi, akachomoa kile kidude cheusi chenye miguu mitatu. "Twende nayo kama sampuli, zisije zikapishana miguu." Sasa hapo ungekataa nini? Ni kweli kabisa flasha za zamani zinapishana, miguu ya B (betri), L (taa) na E (ethi, yaani bodi ya gari) haikai mahali pamoja kwenye kila gari. Nikajua huyu kazi anaijua.

Dukani nikamkuta mzee ana mvi, miwani imefungwa kwa uzi. Shikamoo, marahaba mwanangu, kaa hapo. Akaichukua flasha yangu, akainusa, akanisogezea puani. "Imeungua hii, nusa." Nikanusa. Wallahi nikasikia harufu ya kuungua! Mpaka leo sijui nilinusa nini pale. Akampa kijana sampuli aende nayo nyuma akatafute ya kufanana. Mimi nikamuuliza ile ya 12,000 iliyoning'inia ukutani. Mzee akakataa kuniuzia. Akakataa, wakuu! "Hiyo itakuaibisha barabarani, mwanangu, mimi sitaki lawama." Muuzaji anayekataa hela yako utamshukuje?

Kijana akarudi na boksi, ndani nailoni imebanwa, flasha ina stika ya fedha yenye maandishi ya Kijapani. Mzee akaiunga kwenye betri pale kaunta na balbu mbili. Tik, tik, tik, safi kabisa. Winga naye alikuwa ameshatangulia kwenye gari "kukagua balbu", akaitoa ile ya nyuma kushoto, akaizungusha, akairudisha. Flasha ikafungwa, kushoto na kulia zikapiga sawasawa. Nikalipa 45,000, winga nikampa 5,000 yake na asante juu. Nikaulizia ya zamani. "Takataka hiyo mwanangu, iache hapa."

Mvua ya kwanza tu, kushoto ikaanza tena mbio.

Nikaenda kwa fundi wangu wa umeme Tabata. Hata flasha hakuigusa. Alisema upande mmoja ukikimbia na mwingine uko sawa, flasha haina kosa, kwa sababu ni hiyohiyo moja inayohudumia pande zote mbili. Akaenda nyuma akafungua taa. Soketi imejaa kutu ya kijani. Akaikwangua kwa msasa, akakaza waya wa ethi, kimya, indiketa zikatulia. Kumbe flasha za aina hii zinasikilizia mzigo: balbu ya mbele wati 21, ya nyuma wati 21, na kale ka pembeni wati 5. Moja ya zile za wati 21 isipopata moto, mzigo unashuka na flasha inaongeza mbio ili dereva ajue. (Zile za kale kabisa, za bati linalopata joto, zenyewe zinazubaa au zinaganda bila kupepesa.) Yule winga alipoizungusha balbu aligusisha soketi tu. Alijua!

Halafu fundi akaichomoa flasha ya 45,000 aitazame. Akabandua stika kwa ukucha. Chini yake kuna doa la rangi ya kucha nyekundu. Ni alama yake, aliniwekea mwenyewe tulipofungua dishibodi wakati wa kazi ya AC, maana kila kifaa cha mteja huwa anakitia alama kisibadilishwe. Alicheka mpaka akakaa chini.

Nimerudi dukani. Mzee yuleyule, miwani ileile, hanijui. "Vifaa vya umeme havirudishwi." Risiti ni karatasi ya daftari, haina hata jina la duka. Winga hakuna anayemfahamu mtaa mzima.

Huyu mzee afungiwe. Asionywe, afungiwe, na kijana wake wa nyuma naye. FCC, Tume ya Ushindani wanaokamata bidhaa feki, waje wafungue hayo maboksi moja moja, na TRA, watu wa kodi, wamuulize mashine ya risiti ya EFD iko wapi. Umri ule unaitwa shikamoo asubuhi mpaka jioni, kumbe unabandika stika! Angekuwa kijana ningemwelewa kidogo.

Basi, mkienda: sampuli isitoke machoni pako, na kifaa chako kibovu urudi nacho. Winga anayetibu gari kwa kusikiliza mlio, mpite. Indiketa ikikimbia upande mmoja, anza na balbu na soketi. Ikiwa hazadi (indiketa zote kwa pamoja) zinafanya kazi na indiketa zimekufa kabisa, angalia kwanza fyuzi na swichi, mara nyingi si flasha. Mengine nikitulia nitaandika, sasa hivi mikono inatetemeka.

Jina la duka siliandiki hapa. Picha ya flasha na ya ile risiti ninazo, na barua ya FCC naiandika wiki hii. Aliyewahi kunusishwa flasha pale Gerezani anipigie, tuweke malalamiko yetu pamoja.