Myford ML7: Mashine ya Kukerezea Spea za BSA Bantam

Watazamaji wapenzi, mashine mnayoiona hapa ni Myford ML7, mashine ndogo ya kukereza vyuma iliyotengenezwa Beeston, karibu na Nottingham, Uingereza, na leo ninaichambua kwa kazi moja tu: kuchonga spea za BSA Bantam, pikipiki ya zamani ya Uingereza ambayo kiwanda chake kilishafungwa.

Kinachowasumbua wenye pikipiki hizi ni uzi. Bolti na ekseli nyingi za pikipiki za Uingereza za enzi hizo zina uzi wa aina iitwayo Cycle wa meno 26 kwa inchi, ilhali bolti ya dukani yenye hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1 ina meno 25.4. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini katika mizunguko 10 inafika milimita 0.23, na ndiyo sababu nati huingia vizuri mwanzoni, kisha hukaza na kuharibu uzi wa asili.

Hapo ndipo ML7 inaponifurahisha. Skrubu yake kuu, inayosogeza kisu cha kukatia, ina meno 8 kwa inchi, kwa hiyo gia ya meno 20 ikiendesha ya meno 65 unapata uzi wa meno 26 kwa inchi kamili. Tazameni ekseli hii niliyoikereza kwa chuma imara cha EN16T, si chuma laini cha kuchomelea grili, maana inabeba gurudumu na uhai wa mpanda pikipiki: nati ya zamani inapita kwa vidole vitupu toka mwanzo hadi mwisho, wala haichezi.

Kasoro ipo, tena si ya kupuuzwa. Kichwa chenye mataya yanayoshika kazi kimefungwa kwa uzi kwenye mhimili unaokizungusha, hivyo ukigeuza mota irudi nyuma ghafla kinaweza kulegea na kuchomoka. Ninapokata uzi huwa naurudisha mhimili kwa mpini wa mkono. Kazi inakwenda polepole, lakini kwa usalama.

Kiwanda cha Beeston kilifungwa mwaka 2011, kwa hiyo mtanunua iliyotumika. Beringi za mhimili ni za metali laini nyeupe na zinataka oili wakati wote. Inueni mhimili kidogo kwa mtaimbo huku mkisoma geji ya kupimia mchezo wake kabla ya kutoa fedha. Kisha mwambieni muuzaji awaonyeshe gia zote moja moja, hasa hiyo ya meno 65.