Kufungua midoli ya mashujaa kwa ajili ya kastomu: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Goti la kwanza nililovunja lilikuwa la mdoli wa inchi sita nilioutoa kwenye rundo la mitumba pale soko la Karume, Dar. Nilitaka kuupa miguu ya mdoli mwingine, na hiyo ndiyo kastomu: kuubadilisha mdoli wa dukani uwe wa kwako. Nikashika paja kwa mkono mmoja na unyayo kwa mwingine, nikavuta. Ikalia kah! Kijiti cha kiungo kikakatika na nusu yake ikabaki ndani ya tundu. Nguvu nilikuwa nazo na bisibisi nilikuwa nazo mbili. Kilichokosekana ni lita moja ya maji ya moto.

Ndiyo maana mpangilio huu wa vifaa vya kufungulia midoli haufuati bei wala ukubwa wa kifaa. Kila kifaa nimekipima kwa swali moja: kitanifungulia viungo vingapi bila kuvunja kitu?

Kabla ya kwenda Kariakoo, ujue unapambana na nini. Mdoli mmoja huwa na plastiki za aina zaidi ya moja. Ile ngumu, inayotoa mlio mkavu ukiigonga kwa ukucha, mara nyingi ni ABS, na utaikuta kwenye kiwiliwili na mapaja. Ile inayobonyea kidogo, ya kichwa, viganja, joho na mikanda, kwa kawaida ni PVC. Vijiti vya ndani ya viungo, hasa kwenye midoli ya gharama, huweza kuwa vya POM, plastiki yenye utelezi ambayo gundi nyingi haziishiki. PVC laini hulegea mapema ikipata joto. ABS huanza kupoteza ugumu karibu na nyuzi 105 za Selsiasi. Sisi wa Dar tuko usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo maji yaliyotoka jikoni sasa hivi yanalainisha kichwa na viganja, lakini kwa kawaida hayafiki pale ambapo kiwiliwili cha ABS kinalainika. Hakuna kifaa kingine kwenye orodha hii chenye mpaka wa joto uliowekwa na maumbile yenyewe.

Nafasi ya kwanza: maji ya moto

Nunua birika la umeme linalojizima lenyewe maji yakichemka, la lita moja na nusu au zaidi, na chupa nzuri ya chai. Kama nyumbani birika lipo, tayari umeokoa pesa, ongeza tu bakuli pana la bati au udongo. Kuchemsha lita moja hula takriban sehemu moja ya kumi ya uniti ya LUKU. Draya ya nywele ya wati 1,800 ukiiwasha dakika kumi hula karibu theluthi ya uniti. Na umeme ukikatika, jiko la gesi au la mkaa linafanya kazi ileile bila tofauti yoyote. Chupa ya chai ina umuhimu wake: ukishachemsha, unajaza chupa, kisha unamimina kidogokidogo kadiri unavyofungua kiungo kimoja baada ya kingine.

Koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo siitaki kabisa kwa kazi hii. Plastiki ikigusa koili inaungua, na mkono wako ukiingia majini koili ikiwa kwenye umeme unaweza kupoteza maisha.

Tumbukiza sehemu unayotaka kufungua, siyo mdoli mzima, kwa dakika mbili au tatu. Kichwa kinene kinaweza kuhitaji hadi nne. Toa, shika kwa kitambaa kikavu au kipande cha khanga, kisha tikisa huku na huku ukivuta polepole. Usizungushe kwa nguvu, kijiti chembamba hukatika kwa kusokotwa kuliko kwa kuvutwa. Kikigoma, rudisha majini. Kikitoka, kinyooshe kingali cha moto, kisha tumbukiza kwenye maji ya baridi ili kigande katika umbo lake, kisije kikapoa kikiwa kimepinda. Wakati wa kurudisha ni vilevile: pasha tundu, acha kijiti kikiwa baridi, sukuma.

Kuna mambo matatu maji hayayawezi. Midoli yenye taa au sauti ndani isiingie majini. Rangi ya kromu, ile inayong'aa kama kioo, inaweza kubanduka, na stika zitatoka. La tatu ni la hapa kwetu: hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na maji yakibaki ndani ya kiwiliwili chenye skrubu au pini ya chuma, kutu inakuja upesi. Ninaacha vipande juu ya taulo mbele ya feni usiku kucha kabla ya kuviunganisha.

Nafasi ya pili: bisibisi za fundi simu

Midoli mingi ya bei nafuu, ile ya machinga, imefungwa kwa skrubu mgongoni. Hali kadhalika midoli ya zamani. G.I. Joe wa inchi tatu na robo tatu, waliotoka kuanzia 1982, wana skrubu moja mgongoni, na ndani kuna mpira mdogo wa duara, ule mafundi wanaouita oringi, unaoshikilia kiuno na miguu. Mpira huo hukauka kwa miaka na kukatika. Ukibahatika kumkuta mmoja kwenye mitumba amelegea kama aliyevunjika mgongo, usimwache: mara nyingi hakuna kilichovunjika ila mpira huo, na oringi ndogo zinauzwa kwenye maduka ya vipuri. Beba ule wa zamani upate wa kulinganisha.

Bisibisi za kuzitafuta ni za nyota, namba PH00 na PH0, pamoja na PH1 kwa midoli mikubwa. Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwenye maduka ya simu na vifaa vyake, utazikuta kwa seti. Hapa ndipo wengi wanapotupa pesa. Seti yenye mpini mmoja na vichwa vingi vya kubadilisha inavutia macho, lakini kichwa chake kina kitako kinene, na skrubu ya mdoli imezama chini ya tundu jembamba. Kitako hakiingii. Nunua zile ambazo fimbo yake ni nyembamba mwanzo hadi mwisho, walau sentimita tano.

Jaribu dukani kabla hujalipa. Mimi hubeba mdoli mfukoni.

"Kaka, naomba nijaribu hii kwenye skrubu hapa."

"Jaribu tu mkuu, ila hiyo ni ya simu."

"Najua. Nataka nione ncha inakaa au inacheza."

Ncha ikicheza, achana nayo. Chuma laini kikila kichwa cha skrubu, umejiongezea siku nzima ya kazi. Uliza pia kama ina sumaku, maana skrubu hizi zikianguka sakafuni huzioni tena. Na tazama mdoli wako vizuri: vitu vingine vya kuchezea vina skrubu ya tundu la pembetatu, ambayo bisibisi ya nyota haiwezi. Ile inataka kichwa chake maalumu.

Skrubu ikiwa imeliwa tayari, weka kipande cha mpira wa bendi kati ya ncha na skrubu, kandamiza kwa nguvu, zungusha taratibu. Usipoiona skrubu kabisa, tafuta chini ya stika au kifuniko kidogo cha duara kabla hujaamua kwamba kiwiliwili kimegandishwa.

Nafasi ya tatu: draya ya nywele

Hii inashika pale maji yanaposhindwa: midoli yenye taa, yenye nguo za kitambaa, yenye kromu. Inapasha bega moja bila kulowesha mwili wote. Udhaifu wake ni kwamba haina mpaka wa nyuzi 100 kama maji, kwa hiyo mkono wako lazima uwe unatembea muda wote. Ukiigandisha sehemu moja, kidole chembamba cha PVC kitajikunja.

Ukinunua ya mtumba, soma maandishi kwenye mpini. Soketi zetu ni volti 230. Draya iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 pekee, na ukiichomeka hapa itaungua papo hapo, pengine mkononi mwako. Iwe na ngazi mbili za joto na kitufe cha hewa baridi. Mengine yote ni urembo.

Nafasi ya nne: kisu cha upasuaji na msumeno wa sonara

Kuna midoli ambayo kiwiliwili chake hakina skrubu. Nusu ya mbele na ya nyuma zimegandishwa kiwandani, kwa gundi au kwa mtetemo unaoyeyusha plastiki hadi inakuwa kitu kimoja. Hapo joto halitoshi. Utafuata mshono na kukata.

Kwa mshono wa gundi, kisu kinatosha. Wembe wa kunyolea usiutumie. Ni mwembamba mno, ukibanwa unavunjika na kipande kinaruka. Kata ya kukatia makaratasi ni nzuri kwa kazi nene, lakini ncha yake ni pana. Nilichokuja kukipenda kinatoka kwenye maduka ya vifaa vya hospitali: mpini namba 3 wa kisu cha upasuaji, pamoja na wembe namba 11, ule wenye ncha kali ya pembe. Wembe ukichakaa unabadilisha huo peke yake. Pitisha ncha juu ya mshono mara kumi, kumi na tano, kwa mkono mwepesi, badala ya kukandamiza mara moja. Kata ukiwa umeelekeza makali mbali na kidole gumba. Nasema hivi nikiwa na kovu.

Kwa mshono ulioyeyushwa unahitaji msumeno, na hapa unene wa mkato ndio kila kitu. Wembe wa hakso ya kawaida hula karibu milimita moja ya plastiki. Kwenye kiwiliwili cha mdoli wa inchi sita, milimita moja ni pengo utakalolijaza kwa putini na kupiga msasa jioni nzima. Msumeno wa sonara una wembe wa unene wa robo milimita hivi kwa namba 2/0. Ukimaliza, nusu mbili zinarudi pamoja na mshono hauonekani baada ya rangi. Ulizia kwa masonara wanakonunua vifaa vyao, na chukua nyembe za ziada, kwani mwanzoni utavunja kadhaa. Pitisha ukiwa umelegeza mkono, bila haraka. Ukienda mbio plastiki inayeyuka na kuushika wembe.

Pini za magoti na viwiko ni jambo jingine. Nyingi husukumwa tu. Nunua msumari mwembamba kuliko pini, usugue ncha yake iwe bapa, tafuta kipande cha mbao chenye tundu la kupokea pini, pasha kiungo kwenye maji, kisha gonga kwa nyundo ndogo. Tazama pande zote mbili kwanza: upande wenye michirizi ndio uliong'ang'ania, kwa hiyo piga kutokea upande laini ili wenye michirizi utangulie kutoka.

Nafasi ya tano: bloa la fundi simu na bunduki ya hewa moto

Bunduki ya hewa moto ya kuondolea rangi za mbao hufika nyuzi 500 na zaidi. Hiyo ni kazi ya useremala. PVC ikipata joto kupita kiasi huanza kuoza na kutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma macho na mapafu. Bloa la fundi simu, kile kipulizia hewa moto cha mezani kwake, ni afadhali kwa sababu lina kipimo cha nyuzi unachoweza kushusha hadi 100, ila mdomo wake ni mwembamba na hupasha nukta moja. Kama tayari unalo kwa kazi yako ya simu, litumie kwa uangalifu. Kulinunua kwa ajili ya midoli peke yake, hapana.

Nafasi ya sita: grainda ndogo ya mkono

Ni nzuri kwa kupanua tundu ili mkono wa mdoli mwingine uingie. Kwa kufungua siyo ya lazima. Ukinunua, iwe na kirekebisha mwendo, kwa kuwa mwendo wa juu unayeyusha plastiki badala ya kuikwangua. Vaa barakoa na miwani.

Usinunue: asetoni

Kwenye maduka ya saluni inauzwa kama dawa ya kutoa rangi ya kucha, na utaambiwa inalegeza gundi. Inalegeza kweli. Inayeyusha na ABS pia, na kuiharibu PVC. Nimeona uso wa mdoli ukipotea pua na macho kwa tone moja lililoteleza. Kichwa kilichogandishwa kwa supaglu kipeleke kwenye friza usiku kucha. Gundi hiyo ikipata baridi kali hukakamaa, na mara nyingi asubuhi inaachia ukizungusha kidogo. Kwenye kiungo kilichokaza usipake mafuta ya cherehani wala ya pikipiki, kwani baadhi ya plastiki hupata nyufa kwa mafuta ya petroli. Tafuta ya silikoni.

Kwa anayeanza na hela kidogo, safari moja ya Kariakoo inatosha: bisibisi mbili za nyota zenye fimbo nyembamba, chupa ya chai kama huna, na mdoli mmoja wa bei ya chini kabisa kutoka kwa machinga wa Mtaa wa Congo. Huo usiupake rangi. Ufungue na kuufunga mara tano, kila kiungo, hadi mkono wako ujue plastiki inavyolegea muda mfupi kabla ya kuachia. Mdoli wako mzuri wa mitumba uanze nao siku inayofuata.