Bomba la Kuchanganyia Nitroksi: Je, Kituo Chako cha Kuzamia Kilinunue?

Karibuni tena watazamaji. Leo mezani nina bomba la kuchanganyia nitroksi, lile linalofungwa kwenye mdomo wa kompresa, pale inapovuta hewa. Jibu langu nalitoa mapema: kituo kinachojaza mitungi kumi na zaidi kwa siku, na kinachopata oksijeni bila taabu, kilichukue. Ila lina masharti yake, na ukiyapuuza litakuletea balaa.

Tuelewane kwanza. Nitroksi hii ni hewa iliyoongezwa oksijeni: badala ya asilimia 20.9, inakuwa 32 au 36. Nitrojeni ikipungua, mzamiaji anakaa chini muda mrefu zaidi. Lakini kuna ukomo. Tukishika presha ya oksijeni isizidi bari 1.4 (bari ni kipimo cha presha), nitroksi ya 32 inaishia mita 33, ya 36 mita 28. Ukizidi hapo oksijeni inaanza kuwa sumu, na degedege likikushika chini ya maji, regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, inatoka mdomoni.

Vituo vingi bado vinajaza mtungi kwa mtungi kwa hesabu ya presha. Mtungi mtupu unatiwa oksijeni bari 28, kisha hewa hadi bari 200, unapata 32. Ukitaka 36, tia bari 38. Mtungi ukirudi na bari 50 za 32 ndani, unaongeza oksijeni bari 21, geji ifike 71, halafu hewa. Hesabu si ngumu. Ugumu uko kwenye usafi na subira. Oksijeni tupu iingie polepole, isizidi kama bari 5 kwa dakika, kwa sababu gesi ikibanwa ghafla hupata joto kali, na tone la mafuta kwenye vali linatosha kuwasha moto. Kwa hiyo vali na mtungi visafishwe kwa ajili ya oksijeni, oringi, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, ziwe za vitoni, na grisi ya silikoni isiguse kabisa. Hata hewa ya kujazia juu ipite kwenye filta ya ziada, mafuta yasizidi miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo. Halafu geji nayo inadanganya: mtungi wa moto unasoma juu, ukipoa unashuka, na mchanganyiko unatoka na oksijeni pungufu.

Na kuna hasara ambayo wengi hawaipigii hesabu. Chukua chupa ya oksijeni ya lita 50 yenye bari 200, na mitungi ya lita 12 inayorudi na bari 50 za 32. Chupa ikishuka hadi 71, haisukumi tena bila pampu ya kuongezea presha. Umejaza mitungi 25 hivi. Bomba linatumia oksijeni kwa presha ndogo, kwa hiyo unaikamua chupa hadi karibu kuisha: mitungi 38 kutoka chupa ileile. Hapo ndipo bomba linapojilipa.

Sasa tulitazame lenyewe. Ndani kuna visahani vya kuvuruga hewa, ili oksijeni na hewa zichanganyike vizuri kabla hazijaingia kwenye kompresa. Huku ni tundu la oksijeni lenye vali ya sindano, na huku mbele ni tundu la sensa ya kupima oksijeni. Washa kompresa kwa hewa tupu. Fungua chupa taratibu, kisha vali ya sindano kidogo kidogo, ukiangalia namba ya sensa hadi ikae 32. Kompresa inayovuta lita 200 kwa dakika, zote pamoja, inataka oksijeni kama lita 28. Usiunge mtungi bado: mnara wa filta una hewa ya zamani, iachie itoke kwanza. Oksijeni isivuke asilimia 40, na mafuta ya kompresa yawe ya sintetiki, si ya madini. Usianze kabla hujasoma kitabu cha kompresa yako, maana si kila mtengenezaji anakubali.

Kuna kosa moja linalofichika. Filta ya kuvutia hewa ikijaa vumbi, hewa inapungua lakini oksijeni inaendelea vilevile, na asilimia inapanda bila mtu kugusa vali. Ndiyo maana mjazaji haondoki pale. Ukimaliza, funga oksijeni kwanza, acha kompresa ivute hewa hadi namba irudi 20.9, ndipo uzime. Ukizima kompresa oksijeni ikiwa wazi, inajaa bombani na kuingia ndani ya mashine yenye mafuta. Kosa hili silivumilii hata kidogo.

Njia ya tatu ni mtambo wa utando, niuseme kwa ufupi. Hewa iliyosafishwa na kupashwa joto inapita kwenye nyuzi nyembamba zenye tundu. Oksijeni inapenya kuta za nyuzi hizo haraka kuliko nitrojeni. Hauhitaji chupa za oksijeni kabisa, kwa hiyo kwa kisiwa ambako kila chupa inakuja kwa boti, mimi ningeuchagua huo licha ya bei. Mvuke wa mafuta unaua utando, na nitrojeni inayobaki lazima itolewe nje ya chumba, la sivyo mjazaji atazimia.

Sogea karibu uone hiki kipima oksijeni, kwa sababu njia zote tatu zinakitegemea. Pwani, chumba kikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hewa ina oksijeni kama 20.2 tu, nafasi iliyobaki imechukuliwa na mvuke. Ukiweka namba 20.9 kwa hewa hiyo, nitroksi itakayosoma 32 kumbe ni 31, na mzamiaji atahesabu nitrojeni ndogo kuliko aliyonayo. Kiweke sawa kipima kwa hewa kavu ya mtungini. Iache itoke lita moja au mbili kwa dakika, maana ukiipuliza kwa nguvu namba inapanda uongo. Sensa inaishiwa nguvu hata ikikaa kabatini, kwa hiyo iandikie tarehe.

Mzamiaji apime mwenyewe, mbele yako. Kisha tepu kwenye mtungi: 32, mita 33, bari 200, tarehe, sahihi yake.